Mtihani wa Moyo Kuchafuka

Nchi yetu haiko mbali na yenu, ila msiitafute kwenye ramani, maana waliochora ramani walikuwa na haraka. Inaitwa Barabara. Barabara yenyewe ya lami tunayo moja tu. Inaanzia uwanja wa ndege, inaishia mlangoni kwa Baraza la Kulinganisha Madaktari, na kutoka hapo ni mchanga mpaka nchi inapokwisha. Lakini jina halikutokana na lami. Lilitokana na desturi ya wakubwa wetu: ukimwuliza mmoja wao mambo yanakwendaje, atakujibu, "Barabara!" hata kama paa linaungua juu ya kichwa chake.

Mimi naitwa Sikudhani. Nilisoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo, kwa hiyo mambo ya wasomi nayasimulia kama nilivyoyaona. Mwenye akili zaidi atayapanga mwenyewe.

Basi, zamani mtihani wa kumpa daktari leseni ulikuwa wa hovyo, na serikali yenyewe ilikiri. Mtahini akiamka vizuri, watu wanafaulu. Timu yake ikifungwa, ukumbi mzima unaanguka. Mwaka mmoja ukazuka mgogoro: kijana mmoja alipewa alama 68 na mtahini wa kwanza, na 89 na mtahini wa pili, na kufaulu ni 70. Ikaundwa tume. Tume ikakaa miezi kumi na minne, ikanywa chai nyingi, ikagundua kwamba watahini wale walikaa pande mbili za meza moja, karatasi ikiwa katikati, mmoja akiisoma miguu juu. Tume ikapendekeza mambo mawili: meza ziondolewe katika vyumba vyote vya mitihani, na uletwe mtihani mpya kutoka ng'ambo, wenye haki.

Mtihani ukaja ndani ya kontena, umezungushiwa nailoni, unanukia duka. Ulikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na kadi za wagonjwa, yaani maneno ambayo mgonjwa wa mtihani atayasema, na kulikuwa na kitabu cha majibu, yaani yale ambayo daktari anatakiwa kujibu. Vyote vilikuwa kwa lugha ya kigeni, ikabidi vifasiriwe. Na kwa kuwa mitihani yetu ilikuwa na tabia ya kuvuja, kazi ikagawiwa tume mbili katika nyumba mbili, moja kaskazini ya mji na moja kusini. Wajumbe walikatazwa kuonana hata misibani.

Tume ya Kadi ilikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa maneno yake. Akakutana na sentensi ya mtu anayetaka kutapika. Akaandika kama tunavyosema sote tangu tunanyonya: "Moyo unanichafuka." Mtoto wa nchi hii, ukimwambia hivyo, anakimbia kuleta beseni. Hakuna anayekimbia kuleta habari za moyo.

Kadi zikapelekwa kwa Tume ya Majibu, lakini za Kiswahili peke yake, maana ilionekana siri ikikutana na siri mwenzake zitazungumza. Wakaona pale neno moyo, na kwenye kitabu cha kigeni hawakuona jibu la moyo mchafu, ikabidi walitunge wenyewe. Inasemekana mjumbe mmoja alinyoosha mkono, akasema kwao maneno yale husema mtu mwenye kichefuchefu.

"Ya kwenu yaache kwenu," mwenyekiti akamwambia. "Hapa tunafanya kazi ya kisayansi."

Ndiyo ikaandikwa, ukurasa wa kumi na nne, kwa herufi nene: *Mgonjwa akisema moyo unamchafuka, ugonjwa ni uchafu wa moyo. Tiba: kuosha moyo. Kifua kisuguliwe kwa sponji na maji ya uvuguvugu, mara saba, kuelekea kushoto, kila siku mpaka mgonjwa aache kulalamika.*

Mimi nilipata kazi ya kuwa Mgonjwa Sanifu Daraja la Pili. Wa Daraja la Kwanza walikuwa wanajua kuzimia. Walinichagua kwa sababu naweza kurudia jambo moja mara arobaini bila kuchoka wala kulibadilisha. Nimelea watoto saba, nina mazoezi.

Aliyenifundisha ni Bwana Tindwa, Afisa wa Usawa, kijana mpole aliyebeba rula mfukoni kila wakati.

"Bibi," akaniambia siku ya kwanza, "kuanzia sasa wewe si mtu. Wewe ni kipimo."

"Kama kibaba?"

"Kama kibaba hasa. Kibaba hakiongezi neno. Utalala hapa, utaweka mkono hapa," akapima kwa rula kutoka kidevuni, sentimita ishirini na tatu, "utasema, 'Moyo unanichafuka.' Basi."

"Wakiniuliza?"

"Una majibu matatu. 'Ndiyo, daktari.' 'Hapana, daktari.' 'Sijui, daktari.' Yote mengine ni upendeleo."

"Na wakiniamkia?"

Bwana Tindwa akaufungua mwongozo, akaupekua mbele na nyuma, akaufunga. "Shikamoo haimo."

"Mtoto wa watu aniamkie nimwangalie tu, kama ukuta?"

"Chagua mojawapo ya yale matatu, bibi. Ila uliyochagua uwape wote."

Nikafikiri. 'Ndiyo' ilikuwa na kiburi, 'Hapana' ilikuwa laana. Nikachagua ya tatu. Ndiyo maana kwa muda wa miaka miwili vijana wa nchi ya Barabara waliingia chumbani mwangu wakisema, "Shikamoo, bibi," nami nikawajibu, "Sijui, daktari."

Nyuma ya kitanda changu kulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo watahini kumi na wawili, kila mmoja na ukurasa wake wa kumi na nne mapajani, kwa kuwa meza zilishaondolewa. Mtahiniwa akichukua sponji, kalamu kumi na mbili zinasikika kwa pamoja, tik. Asipochukua, pia kwa pamoja, lakini sauti nyingine, kama mtu anavuta kamba. Kwa siku nilisuguliwa na watu arobaini, juu ya khanga, mara saba kwa kila mmoja, kuelekea kushoto. Khanga zangu tatu zilipauka upande mmoja. Nilikuwa nikitoka pale kifua kinang'aa kama sufuria ya harusi.

Matokeo ya kwanza yalipotoka, kukafanyika sherehe uwanjani. Profesa Hamduni, Mwenyekiti wa Baraza, alivaa joho jekundu lenye mikono mirefu hata maikrofoni ikapotelea ndani, wakaitafuta.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Watahini kumi na wawili! Alama kumi na mbili! Tofauti, sifuri! Nasema sifuri! Huko tuliponunua mtihani huu wenyewe, watahini bado wanapishana. Wamepiga simu jana kuuliza tumefanyaje. Nimewajibu: kwetu, mtahini hafikiri. Kufikiri ndiko kunakoleta tofauti, na tofauti ndiyo dhuluma!"

Tukapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya pili, na wagonjwa wenzangu, tukiwa na beji.

Sasa niwaambie habari ya Mwajabu.

Mwajabu Kirita alikuwa daktari wa zahanati ya mtaa wetu, Kisimani, mwaka wa sita ule. Ni msichana mwembamba, kucha fupi, anayekushika mkono kwanza kabla ya kukuuliza unaumwa nini. Pale mtaani hakuna daktari mwingine, na kufika kwa wa jirani ni mwendo wa asubuhi nzima. Lakini mtihani mpya ulipokuja leseni zote za zamani zilifutwa ili watu wawe sawa. Kila daktari akatakiwa aufanye upya, nafasi tatu. Ukianguka mara tatu, hutakuwa daktari tena maisha yako yote.

Siku ya kwanza akaingia chumbani kwangu. Akaniona, akatabasamu, maana yeye ndiye aliyemzalisha jirani yangu Mwanahawa pacha, na mimi ndiye niliyemshikia taa.

"Shikamoo, bibi."

"Sijui, daktari."

Akashtuka kidogo. Akanishika mkono. "Unasumbuliwa na nini?"

"Moyo unanichafuka."

"Pole. Tangu lini? Umetapika? Jana ulikula nini?"

"Sijui, daktari."

"Hujui ulichokula?" Akacheka. "Bibi wewe, ulikula pweza kwa Mwanahawa, nimekuona kwa macho yangu."

Ikasikika ile sauti nyuma ya kioo, ya kuvuta kamba. Sponji ilikuwa pale pale karibu na mkono wake, ya kijani, mpya. Hakuitazama.

Akapewa sifuri. Mara ya pili, miezi minne baadaye, akapewa sifuri nyingine kwa kitanda kile kile na swali lile lile. Akakata rufaa.

Rufaa ilisikilizwa na Profesa Hamduni mwenyewe. Nami niliitwa kama kielelezo, nikawekwa kwenye kiti chenye namba.

"Mheshimiwa," Mwajabu akasema, "moyo kuchafuka ni kichefuchefu. Hata wewe unajua. Mama yako anajua."

"Mama yangu hana leseni," Profesa akasema. "Sikiliza, binti. Hapa kuna jambo hulielewi. Watahini kumi na wawili wamekupa sifuri. Angekuwepo hata mmoja aliyekupa nusu alama, mimi ningeshtuka, ningesema mtihani una kasoro. Lakini sifuri kumi na mbili, mara mbili, ni ishirini na nne! Nimekaa Baraza hili miaka yote, sijaona sifuri ya kuaminika kama yako."

"Zinakubaliana, Mheshimiwa. Sikatai. Zinakubaliana kwenye kosa."

"Haya, tumwulize kielelezo. Bi Sikudhani, siku ile moyo wako ulikuwa unachafuka?"

Niliapa kusema kweli. Nikasema, "Hapana, Mheshimiwa. Nilikuwa mzima."

"Mmesikia!" Profesa akageukia ukumbi. "Daktari anamkuta mtu mzima kabisa, anamwuliza kama ametapika! Rufaa imetupwa."

Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa kuwa kila mtu alikuwa anacheka.

Wakati huo zahanati yetu ilikuwa imeletewa daktari mwenye leseni, kijana msafi sana, na sponji za kutosha. Alikuwa akifuata kitabu neno kwa neno. Mke wa fundi cherehani alikwenda kwake na moyo unaomchafuka kila asubuhi. Akaoshwa moyo miezi saba, mpaka siku moja uchafu wenyewe ukatoka ukalia, kilo tatu na robo, wa kiume. Mtaa ulicheka mpaka basi. Lakini baada ya wiki mbili alikwenda Mzee Kombo, aliyekuwa anatengeneza redio pale njia panda. Tumbo limekaza, anatapika kijani, hawezi kunyoosha mguu. Akamwambia daktari maneno yale yale, maana ndiyo maneno tuliyo nayo. Alisuguliwa siku tatu. Siku ya nne hakuwepo. Kwenye cheti wameandika: *Amefariki moyo ukiwa safi.* Nimekiona kwa macho yangu, na muhuri wa mviringo.

Hapo sikucheka tena.

Nafasi ya tatu ya Mwajabu ilipokaribia, nikamfuata nyumbani kwake. Wagonjwa sanifu tunakatazwa kusema na watahiniwa, kwa hiyo nilijifanya nauza mchicha. Nikamkuta anafua.

"Mwajabu, mwanangu, nimekuja kukuomba. Nioshe."

"Nikuoshe nini, bibi?"

"Nisugue hiyo sponji, mara saba, kushoto. Mimi nimeshazoea, hainiumi. Upate karatasi yao, urudi zahanati. Ukirudi si utatutibu unavyojua mwenyewe?"

Akaendelea kukamua shuka. "Na aliyekuja Kisimani, unadhani hakuwaza hivyo? Nilisoma naye, bibi. Alijua kichefuchefu kama ninavyojua mimi. Alisema, nitaosha siku ya mtihani tu. Sasa anakaguliwa kila mwezi, wanahesabu sponji. Asipozimaliza, wanamwandikia barua."

"Basi ndiyo utuache?"

"Nani amesema nawaacha?"

"Ukianguka mara ya tatu umekwisha! Mzee Kombo alikwenda pale na miguu yake, Mwajabu."

Akaacha kufua. Mikono yake ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. "Najua," akasema. "Alinipitia kwanza. Nikamwambia sina ruhusa ya kukugusa, nenda kwa mwenye leseni." Kisha akainama tena kwenye beseni, nami nikaondoka na mchicha wangu.

Siku ya mtihani nililala kitandani, mkono sentimita ishirini na tatu kutoka kidevuni. Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, bibi."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na "Sijui, daktari" mdomoni, tayari, kama nilivyowapa wote miaka miwili. Sijui ilikwenda wapi.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Nyuma ya kioo nikasikia karatasi zikipekuliwa. Kalamu hazikujua zifanye nini.

Mwajabu akanishika mkono. "Unasumbuliwa na nini?"

"Moyo unanichafuka."

Akaichukua sponji. Nawaambia, aliichukua kabisa, akaichovya kwenye maji, akaikamua, maji yakatiririka chini. Nikasikia kalamu zinajiweka sawa. Nikafumba macho nikasema moyoni, sugua, mama, sugua yaishe. Kisha nikahisi ubaridi kwenye paji la uso. Alikuwa ananipangusa jasho. Chumba kile kina joto, na hakuna mtahiniwa aliyewahi kuliona jasho langu.

"Bibi, unataka kutapika?"

"Ndiyo, daktari," nikamjibu. Na jibu hilo limo kwenye mwongozo, lile la kwanza.

Kamba zikavutwa, zote kumi na mbili kwa pamoja.

Mimi nilifukuzwa siku ile ile. Bwana Tindwa alilia kidogo alipokuwa ananivua beji. Kwenye barua waliandika: *Kipimo kimeonyesha hisia.* Na Mwajabu akapewa tangazo la Baraza, kurasa sita, lililobandikwa mlangoni pa zahanati, nami nikalisoma lote kwa kidole. Haruhusiwi kuwa daktari. Haruhusiwi kuwa muuguzi, wala mfagizi, wala kuuza karanga langoni. Haruhusiwi kuonekana ndani ya uzio wa zahanati kwa shughuli yoyote ile, *isipokuwa akiwa mgonjwa.*

Nikamsomea mstari huo mara mbili. Akaniambia, "Rudia ya mwisho, bibi." Nikarudia.

Kesho yake saa moja asubuhi Mwajabu alikuwa kwenye foleni ya wagonjwa, kwenye benchi, na khanga mabegani, kama wanawake wengine. Akakaa kati yangu na mama mmoja mwenye mtoto wa homa. Wagonjwa wakikaa benchi huzungumza, hilo si kosa. Unaumwa nini, mwenzangu? Tangu lini? Hebu nione ulimi. Akimwona mwenye hali mbaya kuliko yeye, na wote walikuwa na hali mbaya kuliko yeye, anampisha, anarudi nyuma. Mtu akifika dirishani kwa daktari msafi hasemi tena moyo unamchafuka. Anasema, "Daktari, nina malaria, niandikie dawa ya malaria," au, "Kidole tumbo hiki, niandikie barua ya hospitali kubwa, na gari." Daktari anatafuta ukurasa, anaukuta, anaandika. Naye alifurahi, maskini. Nilimwona mara moja akiegemea dirisha, anasikiliza benchi linavyozungumza, mkono shavuni. Jioni sponji zake anazilowesha mwenyewe kwenye ndoo, moja moja, ili hesabu itimie.

Benchi likawa mawili, yakawa manne. Watu wakaanza kutoka mitaa ya mbali kuja kusubiri Kisimani. Wengine walisubiri, wakapona wakiwa bado wanasubiri, wakaenda zao.

Habari zikafika Baraza. Wakamtuma karani, mzee mmoja mkondefu mwenye miwani ya kamba, aje ahakikishe kama kuna mtu anatibu bila leseni. Akaja na daftari kubwa. Alitembea polepole kutoka benchi hadi benchi, akisimama kila hatua chache kushika kiuno, mpaka akafika mbele ya Mwajabu.

"Wewe nani hapa?"

"Mgonjwa."

"Umeandikishwa lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tatu."

Karani akatazama karatasi zake, akamtazama. "Mwaka mzima uko kwenye foleni, na bado hujaonana na daktari?"

"Bado, baba. Kila nikikaribia anakuja mwenye shida zaidi."

"Na hao wote wanakuambia nini?"

"Shida zao."

"Na wewe unawaambia nini?"

"Nawaambia pole," Mwajabu akasema. "Na wewe, pole. Hicho kiuno kimeanza lini? Ukienda haja ndogo, inachoma?"

Karani akashika kiuno tena. Alisimama pale, kalamu juu ya daftari. Tulijua akiandika neno moja tu, Mwajabu hatakanyaga tena hapa hata akiwa maiti. Akaandika polepole. Mimi nilikuwa karibu, na macho yangu ya mbali ni mazima. Aliandika: *Foleni ni ndefu mno.*

Akafunga daftari, akalibana kwapani, akatutazama mmoja mmoja, akauliza wa mwisho ni nani.